Legacy GT kwa bei ya IST: turbo iliyobadilishwa bila kuulizwa imekufaje

Gari ni Subaru Legacy B4 GT ya mwaka 2006, namba D, rangi ya fedha, otomatiki. Mwenye gari ni mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yake. Anaishi Ilazo, kazini kwake ni Mtumba, familia bado iko Dar es Salaam. Alilinunua mkononi kwa mtu, kupitia dalali, kwa shilingi milioni 11. Mwaka haujaisha, alikuwa ameshazamisha milioni nane nyingine kwenye matengenezo, na karibu zote zilikwenda kwenye ugonjwa mmoja.

Mimi niliitwa gari likiwa tayari juu ya mawe. Kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi, si kuyatengeneza. Safari hii mwenye gari alitaka aelezwe pesa imekwenda wapi, na kama kuna sababu ya kuongeza nyingine. Ameridhia niandike, mradi jina lake na la gereji visitajwe.

Nitasema mapema ninachokiona, kisha msomaji apime mwenyewe. Wengi waliolisikia sakata hili walisema "Subaru ndivyo zilivyo." Sikubaliani nao. Sehemu kubwa ya hasara ilitokana na mpangilio wa matengenezo: kilichovunjika kilibadilishwa, na hakuna aliyetafuta kilichokivunja.

Gari lenyewe

Kizazi hiki cha Legacy kilitoka mwaka 2003 na kikachukua tuzo ya gari bora la mwaka nchini Japani msimu wa 2003–2004. Kuna sedani, ndiyo B4, na kuna wagoni. Ukiliona limepaki, Legacy ya kawaida ya 2.0i na GT ni ndugu wa tumbo moja. Lakini 2.0i ina nguvu za farasi 140 na haina turbo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini. GT ina injini ya lita mbili hizo hizo, ya kulala, iliyofungwa turbo, na inatoa nguvu 280 kwa gia za mkono au 260 kwa otomatiki ya gia tano. Alama ya haraka ni lile tundu la hewa juu ya boneti, linalopeleka upepo kwenye intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo.

Nguvu 260 kwa bei ya Toyota IST, ambayo ile ya injini ya 1.3 haifiki hata nguvu 90. Kwa nini bei inashuka hivyo? Kwanza umri. Pili, gari la umri huo ukiliagiza leo kutoka Japani, TRA inakudai ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na juu yake ule wa uchakavu. Kwa hiyo mtu anayetaka GT hununua iliyokwisha sajiliwa hapa, na iliyokwisha sajiliwa hapa imeshapita mikononi mwa watu kadhaa. Tatu, na hili madalali hawalisemi, wenye magari ya turbo huuza pale wanapoanza kusikia kitu.

Ushahidi kwamba aliyeuza gari hili alisikia kitu sina. Ninayo kadi ya kubadilishia oili, ile inayoning'inizwa chini ya usukani, na nitaifikia.

Jinsi lilivyonunuliwa

Mnunuzi hakuwa mzembe. Alikwenda na rafiki yake anayeelewa magari, wakalikagua asubuhi injini ikiwa ya baridi. Rafiki alifungua kifuniko cha rejeta, akawasha, akatazama kama maji yanatoa povu. Akachungulia kifuniko cha oili kama kuna maziwa ndani. Akatazama bomba la moshi. Yote safi. Akasema, "Kaka, gasketi iko poa, chukua." Dalali naye akapigilia msumari: "Bosi, hii ni Subaru kama Subaru nyingine, spea zimejaa Kariakoo."

Ukaguzi ule ulikuwa mzuri kwa gari jingine. Sifa mbaya ya gasketi za Subaru ilitokana hasa na injini za lita 2.5 zisizo na turbo, zenye kamshafti moja kila upande, ambazo gasketi zake za silinda hedi, zile zinazoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, zilikuwa zikivujisha maji na oili kwa nje. Habari ikaenea, na sasa kila kijiwe ukitaja Subaru wanakujibu gasketi. Injini za turbo za lita mbili zina magonjwa yake, na la kwanza kulitazama ni mzunguko wa oili: hali yake, shinikizo lake, na njia zake nyembamba. Pale hakuna aliyetazama.

Kitu kingine walichokipita ni stika. Gereji za Japani zikibadilisha taimingi belti hubandika stika ndani ya boneti au kwenye kifuniko cha belti, ikionyesha tarehe na kilomita. Belti ya injini hii hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Dashibodi ilisoma 118,000 na stika haikuwepo. Stika kukosekana si uthibitisho kwamba haijabadilishwa. Lakini mnunuzi mwenye akili hulihesabu gari kama halijabadilishwa belti na kukata bei hapo hapo, maana belti ikikatika kwenye injini hii, valvu na pistoni zinagongana.

Na ile kadi. Ilikuwa na mistari miwili tu iliyoandikwa kwa kalamu. Kati ya mabadiliko ya kwanza na ya pili gari lilitembea karibu kilomita 11,000, na oili iliyoandikwa ni 20W-50, ile nzito ya kawaida ya madumu. Kwa lori au pikapu ya zamani sina ugomvi na oili hiyo. Kwa GT, ambayo kiwandani iliandikiwa oili nyepesi ya 5W-30 na kubadilishwa mapema kuliko gari lisilo na turbo, kadi ile peke yake ilitosha kumfanya mnunuzi aombe injini ifunguliwe sampu, lile karai la oili chini ya injini, kabla ya pesa kutoka. Nilipomwonyesha, mwenye gari akacheka kwa uchungu. Kadi ilikuwa inagusa goti lake kila siku.

Kupanda Gairo

Miezi ya mwanzo gari lilikwenda vizuri. Aliona linakula oili kidogo, akawa anaongeza. Asubuhi likiwashwa lilitoa moshi wa bluu kwa sekunde chache, halafu unapotea. Fundi wa mtaani akamwambia Subaru zote hufanya hivyo. Kwa injini ya kulala, oili kidogo kuteremkia kwenye silinda usiku ni jambo la kawaida kweli, na ndiyo maana dalili hii inadanganya. Tofauti ni kwamba kijiti cha oili kilikuwa kinashuka kila wiki, na hilo si la usiku.

Jumapili moja jioni alikuwa anarudi kutoka Dar. Baada ya Dumila, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea Gairo, alikanyaga ili apite malori. Akasikia mluzi mwembamba uliokuwa haupo siku zote, kisha gari likalegea, na kwenye kioo cha nyuma akaona moshi wa bluu umeifunika barabara. Taa ya injini ikawaka. Akasimama, akaongeza oili aliyokuwa nayo kwenye buti, akaendelea taratibu hadi Gairo mjini.

Ule mwendo wa kutoka pale hadi Gairo nadhani ndio uliomwongezea gharama kuliko kitu kingine alichokifanya barabarani. Turbo ikivunjika, mabaki ya chuma hayabaki ndani ya turbo. Oili inayopita humo hurudi kwenye sampu na kuzunguka tena injini nzima. Filta huyanasa mengi, lakini filta ikijaa ina valvu ya kupitisha oili bila kuichuja, kwa sababu injini bila oili hufa kwa dakika. Kwa hiyo kila kilomita baada ya turbo kufa ni kilomita ya kusambaza takataka. Ukiona moshi wa namna ile, zima, ita breakdown, lala Dumila.

Kuvutwa kutoka Gairo hadi Dodoma kulimgharimu 300,000.

Matengenezo ya kwanza

Gereji ilimweleza, kwa usahihi kabisa, kwamba turbo imekufa. Shafti yake ilikuwa inacheza hadi mapanga yanakwangua nyumba yake. Wakaagiza turbo iliyotumika kutoka Dar, ikaletwa kwa basi, 900,000. Ufundi 200,000. Oili na filta 100,000. Gari likawaka, mluzi ukaisha, moshi ukaisha. Jumla milioni moja na nusu, na kila mtu akapeana mkono.

Fundi yule nimekaa naye. Si tapeli, na mkono wake ni mzuri. Aliniambia neno ambalo nimelisikia kwenye gereji nyingi: "Mteja alileta turbo mbovu, nimempa turbo nzima." Hapo ndipo ninapogombana na desturi yetu ya gereji. Ni sawa na kumwongezea mgonjwa damu huku jeraha linavuja.

Turbo ni kifaa kisicho na mambo mengi. Moshi wa injini unazungusha panga upande mmoja, shafti inazungusha panga la upande wa pili linalosukuma hewa ndani. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, jirani na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi, na haishikiliwi na chuma. Inaelea juu ya tando jembamba la oili. Tando hilo likikosekana hata kwa muda mfupi, bushi zinalika, shafti inaanza kucheza, mapanga yanagusa. Kwa hiyo turbo ikifa, swali la kwanza ni oili iliifikiaje, na kama iliifikia.

Kwenye Legacy GT jibu lina anwani. Oili ya turbo hutoka kwenye silinda hedi ya kulia kupitia bomba jembamba, na bomba hilo limefungwa kwa bolti yenye tundu katikati. Ndani ya bolti kuna kichujio cha wavu mdogo kuliko kifundo cha kidole chako. Kazi yake ni kuzuia takataka zisifike kwenye turbo. Oili ikiwa safi hutakaa ujue kwamba kipo. Oili ikichelewa kubadilishwa, ikaiva na kuwa tope jeusi, kichujio hicho ndicho huziba mwanzo, na kinapoziba kinaiua turbo ile ile kilichowekwa kuilinda. Wenye GT na wenye Forester za turbo za miaka hiyo, huko nje, wamelijua hili zamani. Wengine hubadilisha bolti kila wanapofanya matengenezo makubwa, wengine hukitoa kichujio kabisa, kwa hoja kwamba oili imeshachujwa na filta kubwa. Mimi niko na wanaoweka kipya, kwa sharti kwamba oili inabadilishwa kwa wakati. Mtu asiyeweza kuahidi hilo, akitoe.

Fundi hakuifungua bolti ile. Hakuosha bomba. Hakushusha sampu. Alifunga turbo nzima kwenye bomba lililoua ya kwanza, akamwaga oili mpya juu ya chuma kilichokwisha tawanyika.

Ndani ya injini

Wiki chache baadaye gari likaanza kugonga. Kwanza likiwa la moto tu, ukikanyaga na kuachia. Halafu hata likiwa sailensa, yaani linaunguruma tu bila kukanyagwa. Mwenye gari aliposikia mafundi wawili wanabishana kama ni tapeti za valvu au konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ndipo akanipigia. Nilimwambia asiliwashe tena hata kwa kulihamisha kivulini.

Tuliifungua kwa utaratibu, fundi wake akishika spana, mimi nikitazama. Filta ya oili tuliikata kwa msumeno wa chuma, tukaikunjua ile karatasi ya ndani na kuitandaza juani. Kati ya mikunjo kulikuwa na vumbi la kung'aa, mengine ya rangi ya fedha, mengine yenye wekundu wa shaba. Rangi ya fedha inaweza kuwa ya vitu vingi. Ule wekundu ni tabaka la chini la beringi: ukiuona, beringi imeshalika hadi ndani.

Sampu ilipotoka kukawa na habari nyingine. Kwenye wavu wa bomba la kunyonyea oili kulikuwa na nyuzi za silikoni nyekundu zimejikunja kama minyoo, zimeziba sehemu ya wavu. Kiwandani hawatumii silikoni nyekundu. Kuna mtu aliwahi kuishusha sampu hii na kuirudisha akiwa amepaka silikoni kwa ukarimu, ile iliyobanwa ikatokea kwa ndani na kukatika. Lini na kwa nini, hatutajua. Lakini mtu hashushi sampu ya gari zima ili kuitazama tu.

Kisha bolti. Fundi aliifungua mwenyewe. Kichujio kilikuwa kimejaa tope gumu jeusi, ukipuliza hewa haipiti. Akakishika kwenye kiganja muda mrefu, akasema, "Mkuu, mimi sijawahi kujua hapa ndani kuna kitu." Namwamini. Legacy nyingi zinazoingia kwenye gereji ile ni 2.0i, hazina turbo, hazina bomba hilo.

Konrodi namba 3 ndiyo iliyokuwa imekwisha. Beringi yake ilikuwa imezunguka kwenye kiti, na juu ya kranki, ile shafti kuu ya injini, kulikuwa na mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha unanasa. Zile nyingine zilikuwa zimekwaruzika kwa viwango tofauti. Turbo ya pili, ile ya laki tisa, tayari ilikuwa inacheza.

Kitu kimoja tulichokitafuta na hatukukikuta: pistoni zilizopasuka. Gari hili lilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, inayouzwa huko ikiwa na oktani karibu 100, na ya vituo vyetu haifiki hapo. Injini za turbo za Subaru zikilishwa petroli dhaifu na kukanyagwa kwenye joto, huwa zinavunja kuta za ringi za pistoni, mara nyingi silinda namba 4. Vijana wa kijiweni walikuwa wameshahukumu kwamba petroli ndiyo imeua. Pistoni zilikuwa nzima zote nne. Kompyuta ya gari hupunguza makali ya moto ikisikia mlio wa kugonga, na mwenye gari hakuwa ameliongezea nguvu kwa kuchezea kompyuta. Angelichezea, pengine tungekuwa tunaandika kisa tofauti.

Njia tatu

Alikuwa na njia tatu, na nilimpa hesabu ya kila moja kwa simu akiwa kazini.

Kuliuza lilivyo. Waliokuja kulitazama hawakuvuka milioni nne. Angekuwa amepoteza milioni nane na nusu jumla, lakini angekuwa amemaliza.

Kufanya oveholi. Kranki ipelekwe Dar kupimwa na kusagwa, beringi za saizi ya chini zitafutwe, ringi, gasketi zote, pampu ya oili, kipoza oili kipya, taimingi nzima. Kwa makadirio yangu isingepungua milioni sita, na ingebidi asubiri, kwa sababu kila kifaa kidogo kinachokosekana Dodoma ni safari ya basi. Faida yake ni kwamba unajua kilichomo ndani ya injini yako.

Kununua injini iliyotumika kutoka Japani. Ni haraka zaidi, na hatari yake ni moja kubwa: unanunua historia ya mtu mwingine tena, safari hii bila hata kadi ya oili.

Alichagua injini. Sikumpinga, nikampa masharti. Alama ya injini isomwe kwenye bloku, isikisiwe kwa mwaka wa gari, maana GT za kizazi hiki zilitoka na injini za alama mbili, EJ20X na EJ20Y, na hizo mbili si injini moja hata kama muuzaji anaapa. Sampu ifunguliwe kabla ya kulipa. Muuzaji mmoja Dar alikataa tusifungue, akasema gerantii ya wiki mbili inatosha. Tukaondoka. Wiki mbili ni muda wa kuifunga tu. Mwingine alikubali bila maneno, na sampu ikatoka safi, oili ya kahawia, wavu mtupu.

Injini milioni nne na nusu, ikiwa na turbo yake. Usafiri hadi Dodoma 150,000. Taimingi belti, tensheni na roli zake 450,000. Wotapampu 150,000, kwa sababu inakaa nyuma ya belti hiyo hiyo na kuiacha ya zamani ni kulipa ufundi mara mbili. Bolti mpya yenye kichujio, bomba la oili na washa zake 120,000. Plagi nne 160,000. Maunting za injini 160,000. Oili, filta na kulanti 220,000. Ufundi 600,000. Jumla 6,510,000, na ukiongeza milioni moja na nusu ya mwanzo ni 8,010,000.

Sharti moja lililoleta ubishi gereji lilikuwa la kipoza oili na intakula. Fundi alitaka kuhamisha vya injini ya zamani kwa sababu vilikuwa "vizima." Kipoza oili cha injini iliyonoki hubaki na chembe za chuma kwenye vijia vyake ambazo hewa ya kompresa haizitoi, na siku injini mpya ikiwaka zinahamia. Kile cha zamani kikatupwa, kikabaki kilichokuja na injini mpya. Intakula ilioshwa hadi petroli ya kuoshea ikatoka bila rangi.

Ubishi wa pili ulikuwa wa maji. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na bloku ya injini hii ni ya alumini. Kujaza maji ya bomba kwenye rejeta ni kuanza kuila injini kwa ndani. Iliwekwa kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, na hewa ikatolewa taratibu kupitia tangi la juu, injini ikiachwa ipate moto na kupoa, kwa sababu hewa iliyobaki kwenye mfumo wa Subaru ya turbo hukaa pale pale kwenye joto kali.

Namba ya injini mpya ilipelekwa TRA ili kadi ya gari isomeke sawa. Wengi huliacha hili hadi siku ya kuuza, na siku hiyo mnunuzi hukimbia.

Je, angeweza kumdai aliyemuuzia?

Aliniuliza. Mimi si mwanasheria, na nilimshauri atafute mmoja. Kwa ufupi, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi zaidi pale muuzaji anapokuwa ni mfanyabiashara wa bidhaa ile. Mtu binafsi anayeuza gari lake alilotumia hasimami pale pale. Hati yao ya mauziano ilisema mnunuzi amelikagua na kuridhika. Dalali hayumo kabisa kwenye hati. Ile silikoni nyekundu ilimuuma sana, lakini silikoni haina tarehe wala jina la aliyeipaka. Aliacha.

Mengine ambayo hayajaguswa

Magonjwa ya injini huficha mengine. Nilipolikagua chini nilikuta bushi za lower arm za mbele zimepasuka, shokapu za nyuma zimelowa oili, na raki ya usukani inavuja upande wa kushoto. Kwa gari la umri huu linalopita matuta ya barabara ya Mtumba kila siku, na vumbi la mitaa isiyo na lami, hayo sikuyashangaa.

Tairi zilinitia wasiwasi zaidi. Mbele zilikuwa mpya, nyuma vipara, na aina tofauti. Gari hili linavuta kwa magurudumu yote muda wote, na tairi zisipolingana mzunguko, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi hata barabarani panaponyooka. Kwenye gari la kuvuta mbele ungeweza kununua mbili mwezi huu na mbili mwezi ujao. Hapa ni nne kwa mpigo, na hicho ni kipengele cha gharama ambacho bei ya kununulia haikukutajia. Vivyo hivyo oili ya gia boksi, ambayo kwa mujibu wa rangi yake haijabadilishwa tangu Japani.

Kama angenipigia kabla ya kununua, ningemwambia alipe milioni tisa, si 11, na atenge milioni moja na laki chache kwa ajili ya taimingi, bolti ile, sampu kushushwa na kusafishwa, na oili sahihi. Silikoni ingeonekana siku hiyo. Huenda beringi zilikuwa zimeshaanza na angelikimbia gari. Huenda zilikuwa nzima na angekuwa analiendesha hadi leo na turbo yake ya kiwandani.

Kwa sasa gari linatembea. Filta ya kwanza tuliitoa kwenye kilomita 1,000 na kuikata: hakukuwa na wekundu wowote, ila chembe chache za rangi ya fedha ambazo injini iliyokaa bila kazi muda mrefu huweza kuzitoa. Ya pili itakatwa kwenye 5,000. Aliniuliza auze au abaki nalo. Soko halilipii risiti, nikamwambia, ukiliuza leo utapata kama ulichonunulia, milioni nane za matengenezo hazimo. Amelibakisha. Tairi nne amenunua mwezi uliopita, shokapu zinafuata, raki bado inavuja.